Nilichomelewa boila la kuni Mkuza ili nimwogeshe baba mkwe: gharama, makosa na yaliyotokea

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu kama kuchemsha maji ya nyumba kwa kuni kunalipa. Akajibiwa kwa utani kwamba kwa joto la Kibaha maji ya moto ni ya nini.

Mimi niliyahitaji. Naeleza yaliyonikuta kama yalivyokuwa, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Nakaa Mkuza, hapa Kibaha, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni ya ofisini Dar.

Mwaka jana baba mkwe, Mzee Salehe, alipata kiharusi akiwa kwake Kisarawe. Alifiwa na mkewe zamani, alikuwa anaishi peke yake na mikorosho yake. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka kwa kuvuta.

Mke wangu Mwanaidi akasema baba anakuja kukaa kwetu. Sikupinga.

Hospitali walitufundisha mazoezi. Wakasema aoge maji ya uvuguvugu kwanza ili misuli ilegee, ila tuyapime wenyewe kwa mkono, maana upande ule hausikii moto vizuri.

Tatizo la kwanza likawa nani anamwogesha.

Mwanaidi ni binti yake, mzee akakataa katakata. Nikabaki mimi. Wenzangu wa Pwani mnajua, mkwe ni mtu wa kustahiana naye, hata kula mnakula kwa adabu. Leo unamvua shati.

Siku ya kwanza alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Mimi nikawa naangalia ukuta.

Maji tulikuwa tunapasha kwa heater ya umeme. Uniti zikawa zinayeyuka. Jioni moja nikamlalamikia mke wangu sebuleni kwamba umeme wa luku wa wiki mbili umekwisha kwa siku tano.

Kesho yake asubuhi mzee akaniambia, "Mkwe, nipe ya baridi tu. Ndiyo niliyozoea."

Nikaona afadhali. Nikammwagia ya baridi siku tatu mfululizo. Meno yalikuwa yanagongana, nikimuuliza anasema hakuna shida.

Siku ya tatu Mwanaidi akamkuta amejikunyata kitandani. Akaja kuniambia taratibu, "Baba hajawahi kupenda maji baridi maisha yake yote. Alikusikia ukilalamika."

Wakuu, niliona aibu ambayo siwezi kuieleza hapa.

Nikaanza kutafuta njia nyingine. Gesi ilikuwa inawahi kuisha. Mkaa ulikuwa na maana ya kubeba sufuria la maji yanayochemka kutoka uani hadi bafuni, na watoto wanakimbia koridoni. Hapana.

Mlandizi kuna fundi wa kuchomelea, kijana mchangamfu. Akaniambia anaweza kunitengenezea boila la kuni. Pipa la chuma zito lililofunikwa juu, chini yake chumba cha moto, maji yanaingia kutoka kwenye tenki la juu ya mnara, ya moto yanatoka kwa bomba hadi bafuni. Chuma, mabomba, bomba la moshi na ufundi vilinigharimu kama laki nne na nusu. Nyumba yenu ikiwa na bomba la maji ya moto tayari, itapungua.

Kuni nilinunua sehemu inayoitwa Janga, zinaletwa kwa bodaboda. Hapa nilikosea mara ya kwanza. Zilikuwa mbichi. Boila likatoa moshi kuliko moto, nguo za jirani yetu Mama Upendo zikanuka kambani. Alikuja na kanga yake mkononi, akaninusisha, akaondoka.

Kosa la pili lingeweza kuua mtu.

Juu ya pipa fundi aliweka bomba dogo lililo wazi, la kupumulia. Lakini lilikuwa fupi, halifiki kimo cha maji ya tenki, kwa hiyo maji yalikuwa yanamwagika hapo muda wote. Nikamwita. Badala ya kulirefusha, akalifunga kwa kizibo. Maji yakaacha kumwagika, nikamlipa, nikamshukuru.

Jumamosi moja asubuhi nikafunga koki ya maji ya kuingia ili nibadilishe bomba la jikoni. Moto ulikuwa unawaka na bafuni koki imefungwa. Nikasahau.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mahali anapoliona boila. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Toa kuni. Mkwe, toa kuni."

Nikatoka. Pipa lilikuwa linagonga kwa ndani, na kifuniko kimevimba kama chapati. Nikakimbilia kile kizibo nikifungue.

"Usiguse," akasema. "Litakuchemsha uso. Toa kuni, mwaga mchanga, rudi huku."

Nikazivuta kuni kwa koleo, nikamwaga mchanga kwenye makaa, nikarudi barazani. Mwanaidi akawapeleka watoto kwa Mama Upendo. Tukakaa, mimi na mzee, tunasikiliza lile pipa likigonga, kisha likinyamaza kidogo kidogo.

Nikamuuliza amejuaje.

Akasema ujanani alichochea boila la kiwanda miaka kumi na moja. Moto wa kuni ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya mikorosho.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo, baba?"

"Hukuniuliza. Na mimi nipo kwako, nisingekuja kukuelekeza nyumbani kwako."

Sikuwa nimemuuliza kitu chochote tangu afike, zaidi ya kama ameshiba na kama maji yako sawa.

Wiki ile tukamwita fundi. Mzee akasimamia kazi akiwa kwenye kiti, anaonyesha kwa mkono wa kushoto, ule ulio mzima. Kizibo kikatoka, bomba la kupumulia likapandishwa juu kuliko tenki, na halina koki yoyote. Koki ya kuingilia nayo ikaondolewa. Bomba la moshi likavuka paa. Bafuni tukaweka koki ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi.

Kuni akanifundisha kuzigonga mbili pamoja: iliyokauka inalia, mbichi inatoa sauti nzito. Sasa nanunua mabanzi, yale mabaki ya mbao, kwa mafundi seremala na kuyakausha bandani miezi miwili. Matumizi yamekuwa chini ya nusu ya nilichokuwa naweka kwenye luku. Ila kuna kazi: kupasua, kuzoa majivu, kuwasha nusu saa kabla ya kuoga. Usiye na muda huo, usianze.

Kilichobadilika zaidi ni bafuni. Mzee aliacha kufumba macho. Akawa ananisimulia habari za kiwandani, mimi namsugua mgongo.

Baada ya kama miezi mitano, asubuhi moja nilipomfikisha mlangoni akaniambia, "Leo kaa nje."

Nikasimama koridoni na taulo. Nikasikia kopo la kwanza la maji likimwagwa, kisha la pili. Mwanaidi akaja akasimama pembeni yangu, akaniuliza kwa ishara. Nikamwonyesha mlango. Akakaa chini sakafuni, akajifuta macho kwa kanga, tukasikiliza hadi maji yakaisha.

Nilichojifunza, wakuu: pipa la maji lililo juu ya moto lisizibwe kamwe, hata fundi akiapa. Na mgonjwa uliyemchukua nyumbani, mwulize alikuwa nani kabla hajaugua.

Wenye maboila kama haya, leteni uzoefu wenu na picha. Na kama kuna anayemwogesha mzazi au mkwe kwa sasa, andika hapa pia, hata kama swali lako halihusu maji.