Ilva na Stesheni Masta

Jumapili ya mwisho ya msimu, Ilva Bandini alifika kwenye banda la kikosi cha wawindaji na kapu la mikate kumi na miwili mkononi na uongo mmoja moyoni. Mikate aliiweka mezani, karibu na soseji. Uongo akabaki nao.

Wanaume ishirini na wawili walikuwa wameuzunguka moto, wengine wakinywa kahawa iliyotiwa kitu kikali ndani, wote wakizungumza kwa pamoja, maana katika Roccafelce mtu akisubiri zamu yake ya kusema atazeeka hajasema. Ilva alikuwa mwanamke pekee kikosini. Mumewe Dilvo alipofariki, miaka tisa iliyopita, walidhani mjane angeuza mbwa, angefunga bunduki kabatini na kubaki na tanuri lake la mikate. Jumapili iliyofuata wakamwona anashuka garini na mbwa wote wanne, buti za marehemu miguuni, soksi tatu tatu ndani ili zimkae. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tangu siku hiyo alikuwa mfurushaji, mmoja wa wale wanaoingia vichakani na mbwa kuwatimua nguruwe mwitu, wakati walengaji wamekaa kwenye vituo vyao, mgongo kwenye mti, wakisubiri.

Sasa ana miaka sitini na minne, na kati ya mbwa wanne amebaki mmoja, Morina.

"Shemeji!" aliita Loriano, mdogo wa marehemu Dilvo, mtu wa masharubu na maneno. "Umemleta tena bibi kizee wako?"

"Nimemleta. Na wewe umeleta televisheni zako?"

Watu wakaangua kicheko. Loriano alikuwa na mbwa kumi na mmoja, vijana watupu, kila mmoja na kola ya setilaiti shingoni, na yeye mwenyewe alitembea porini macho kwenye simu kama msichana anayesubiri ujumbe wa mchumba.

"Televisheni zangu zikiitwa zinakuja," Loriano alijibu. "Huyo wako anasubiri mwaliko wa maandishi."

Hapo kicheko kilipungua, na Ilva akainama kumfunga Morina kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Maana hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mara mbili msimu huu pembe ya mwisho ilipulizwa, mbwa wote wakarudi, Morina asirudi, na kikosi kizima kikamtafuta hadi jua likazama. Kanuni za kikosi zilikuwa wazi: mbwa asiyekuja kwenye pembe mara tatu hufutwa daftarini. Fosco, kapteni wao, mtu mnene mwenye roho nzuri na kichwa kigumu, alikuwa ameshamwambia.

Akamsogelea sasa na kumwambia tena, kwa sauti ya chini. "Dada Ilva, unajua nakupenda kama ndugu. Lakini leo asiporudi, usiku kwenye chakula nitalazimika."

"Atarudi, Kapteni. Ni mkaidi tu. Umri."

Hapo ndipo uongo ulipokuwa. Morina hakuwa mkaidi. Mwezi wa Oktoba Ilva aliangusha sinia la chuma sakafuni, tanuri zima likatikisika kwa kelele, na Morina, aliyelala hatua mbili kutoka hapo, hakufungua hata jicho. Ilva alipiga makofi juu ya kichwa chake. Akapiga filimbi. Kisha akaketi kwenye gunia la unga na kulia. Mbwa kiziwi hana nafasi porini, na mwanamke wa miaka sitini na minne hawezi kuanza upya na mtoto wa mbwa anayehitaji miaka mitatu ya kufundishwa. Morina akifutwa, Ilva naye amefutwa. Atabaki bandani akikoroga mchuzi wa wanaume na kusikiliza hadithi zao. Basi akaona bora mbwa aitwe mkaidi kuliko kiziwi. Alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini alitumaini itatosha msimu mmoja.

Fosco akavua kofia, watu wakachota namba za vituo, na kila mmoja akaenda zake.

Asubuhi hiyo haikuwa na neno. Nguruwe wawili wadogo walitolewa mapema upande wa mialoni, wakapigwa, kisha pori likanyamaza. Ilva alipanda na kushuka katika miiba, akipiga kelele mpaka koo likakauka, na Morina akizunguka mbele yake, pua chini, bila kusema kitu. Saa saba mchana Fosco akapuliza pembe mara tatu, ndefu. Mwisho wa msako na mwisho wa msimu. Walengaji wakatoa risasi kwenye bunduki, kama sheria inavyotaka, wakaanza kuteremka kuelekea magarini.

Loriano akatazama simu. "Mmoja, wawili, watatu... kumi na mmoja. Wangu wote hawa hapa." Kisha akatazama huku na huku, na uso wake ukabadilika, utani ni utani, lakini hakuwa mtu mbaya. "Shemeji, wako yuko wapi?"

Fosco alisimama na pembe yake mkononi, ile ya babu yake, yenye mkanda wa fedha, akapuliza tena. Hakuna kitu. Dakika kumi zikapita na mtu mmoja akaanza kunung'unika kuhusu chakula.

Ndipo wakamsikia. Mbali, chini kabisa katika korongo la Agnese, ambako miiba imefungamana hata sungura huingia kwa adabu, Morina alikuwa anabweka.

"Nungunungu," alisema Loriano. "Korongo lile limejaa nungunungu. Tumepita pale asubuhi na mbwa kumi na wawili, hakukuwa na kitu."

"Nyamazeni," alisema Ilva.

Akafumba macho. Kwa nungunungu Morina hubweka juu juu, kwa pupa, kisha ananyamaza kufikiri. Hii haikuwa sauti hiyo. Hii ilikuwa ya chini, ya taratibu, haikatiki, kama mtu anayepiga hodi mlangoni kwa jirani ambaye anajua yumo ndani. Ilva akajiuliza kwa nini aanze sasa, baada ya pembe. Na swali lilipomtoka tu kichwani, jibu likaingia, akamshika Fosco mkono kwa nguvu.

"Kapteni. Ni Stesheni Masta."

Jina hilo liliwasimamisha wote. Stesheni Masta alikuwa dume la nguruwe ambalo kwa miaka minne hakuna aliyeliona, ila kila mtu aliona nyayo zake, pana kama kitako cha kikombe. Walizikuta siku zote baada ya msako, zimepita palepale mlengaji aliposimama, mara moja hata zikiwa zimekanyaga kipande cha sigara cha Fosco mwenyewe. Dume lile lilijua pembe. Wakati wa kelele lililala kimya ndani ya miiba na kuwaacha mbwa vijana wawakimbilie nguruwe wengine wanaokimbia. Pembe ikilia, bunduki zikishatolewa risasi na mbwa wakishaitwa, linaamka, linajinyoosha na kuondoka zake. Ndiyo maana wakaliita hivyo, kwa sababu haliruhusu safari mpaka filimbi ilie.

"Ameamka kwa pembe," Ilva alisema haraka, "kama kawaida yake. Ila leo amemkuta mbwa bado yuko kazini."

"Na kwa nini bado yuko kazini?" Fosco akauliza. "Mimi nimepuliza mara nne. Mbwa wa wilaya ya jirani wamenisikia."

Ilva akatazama buti zake. Wanaume saba walikuwa wamesimama hapo wakimwangalia. Angeweza kusema tena mkaidi.

"Kwa sababu hasikii," akasema. "Ni kiziwi. Tangu Oktoba. Nilijua nikawaficha, mkitaka kunifuta nifuteni na mimi, lakini baadaye. Kapteni, mbwa wote walioisikia pembe yako wamerudi, na Stesheni Masta alikuwa anawahesabu. Huyu hakuambiwa na mtu kwamba kazi imekwisha. Anajua kilicho mbele yake kuliko simu ya Loriano. Warudishe watu vituoni, nakuomba."

Morina aliendelea kupiga hodi kule chini.

Fosco alinyanyua pembe mdomoni kwa mazoea, akaitazama, akaishusha polepole kana kwamba imemuuma. "La," akasema, "hii hapana. Huyo mzee ataisikia." Akachukua redio ya mkononi na kunong'ona, yeye ambaye hakuwahi kunong'ona hata kanisani: "Kila mtu arudi kituoni kwake. Kimya. Akifika anijibu kwa namba, ndipo aweke risasi. Ni Stesheni Masta."

Majibu yakaanza kuja moja moja, watu wakihema. Moja. Nne. Sita, mdomo umejaa mkate. Namba tisa hakujibu. Ivo alikuwa ameshawasha gari, anawahi chakula kwa mama mkwe. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Loriano," alisema Fosco, "funga televisheni zako. Nenda tisa."

"Mimi? Mimi ni mfurushaji, bwana, miaka sita sijakaa kituoni..."

"Nenda!"

Akaenda mbio, masharubu yakipepea.

Ilva aliingia korongoni peke yake. Aliingia kwa miguu, kisha kwa magoti, mwisho kwa tumbo, miiba ikimvua kofia na kumchana masikio. Magoti yake yalilalamika, akayaambia yangoje. Sauti ilikuwa karibu sasa, hata akaihisi kifuani. Akasogeza tawi la mwisho.

Dume lilikuwa limeegemea shina la mwaloni ulioanguka, la kijivu, mabega kama tanuri, meno mawili ya manjano yakinolewa kwa sauti ya visu. Hatua tatu mbele yake alisimama Morina, mkia ukitetemeka, bibi kizee wa miaka kumi na mmoja, akiliambia palepale lilipo, usitoke, usitoke. Kupiga risasi hapo kulikuwa kumpiga mbwa. Ilva akasimama wima katikati ya miiba na kupaza sauti yote aliyojaliwa:

"Toka, mzee! Treni imeondoka!"

Dume halikutikisika. Lakini Morina, ambaye hakusikia neno, alizungusha jicho akamwona. Hiyo ilimtosha. Akaruka na kulishika ubavuni. Dume likanguruma, likamrusha pembeni na kutoka kama mlango uliong'oka, likapita karibu na Ilva kiasi kwamba alisikia harufu yake ya matope, akaanguka chali kwenye miiba. Alipoinua kichwa wote wawili walikuwa wametoweka, na kelele zilikuwa zinateremka korongo kwa kasi, moja kwa moja kuelekea tisa.

Mlio mmoja wa bunduki. Kisha hakuna kitu, hata kubweka.

Ilva alitafuta redio mfukoni kwa vidole vyenye damu. Ikakwaruza.

"Shemeji," ilisema sauti ya Loriano, imekatika kabisa. "Shemeji, amelala."

"Nani amelala? Sema, mshenzi wewe! Mbwa au nguruwe?"

"Nguruwe! Mbwa yuko juu yake. Amekataa nimsogelee!"

Ilva akapiga yowe ambalo, kwa mujibu wa Fosco, lilifika baharini. Za mwizi arobaini, na za Stesheni Masta zilitimia Jumapili hiyo saa nane na dakika ishirini. Wanaume sita walilibeba kwa mti hadi barabarani, wakipumzika kila hatua hamsini, wakiimba nyimbo ambazo padri hapaswi kuzisikia. Mizani ilisema kilo mia moja arobaini na mbili. Morina hakubebwa na Ilva. Alibebwa na Loriano, mabegani, masharubu yamejaa manyoya, na kila aliyejaribu kumpokea alifukuzwa.

Usiku, mchuzi ulipokwisha na chupa zilipobaki chache, Fosco alisimama na daftari.

"Kanuni ni kanuni," alisema kwa taabu. "Mbwa asiyekuja kwenye pembe mara tatu hufutwa. Leo ni mara ya tatu. Sikuiandika mimi, iliandikwa na babu zetu, na siwezi kuipinda hata kwa..."

Hakumaliza. Loriano alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Usiipinde, Kapteni. Iongeze. Naleta pendekezo: mbwa asiyekuja kwenye pembe mara tatu hufutwa, isipokuwa pembe ndiyo iliyokosea. Anayekubali anyooshe mkono."

Mikono ishirini na miwili ikapaa, mingine miwili miwili, ikabidi watu waambiwe washushe mmoja. Ivo, aliyeikosa tisa kwa ajili ya mama mkwe, alinyoosha wake juu kuliko wote.

Fosco alibaki na kalamu hewani, masikio mekundu. Akaitazama pembe ya babu yake ikining'inia ukutani, kisha akamtazama Ilva, ambaye machozi yalikuwa yanamdondoka bila aibu kwenye sahani.

"Mnataka niandike hivyo? Kwa mkono wangu? Kwamba pembe yangu imekosea?"

"Andika, Kapteni," alisema Ilva. "Halafu utusomee, kwa sauti."

Akaandika. Akasoma kwa sauti, akasimamishwa kwa makofi, akaambiwa asome tena.