Nilimwozesha Baba Mdogo Chini ya Ziwa

Nimekosa. Naanza na hilo usije ukasema najitetea, ingawa kujitetea nitajitetea kidogo, maana wengi hapa Kigoma wamenihukumu kwa kosa lisilo langu.

Naandika fantasia. Ndiyo, mimi, mwanika dagaa wa Kibirizi! Miezi sita nilijaza daftari kabla ya kuandika sura ya kwanza: ramani ya ufalme ulio chini ya Ziwa Tanganyika, milango yake saba, na sheria ya uchawi wake, kwamba anayetaka kupumua kule chini lazima aache kumbukumbu moja mlangoni. Vyote nilibuni mwenyewe.

Isipokuwa mfalme. Kwa mfalme nilifanya uvivu.

Nimelelewa na mama mdogo. Mumewe alikuwa mvuvi. Ziwa lilichafuka akazama, na mwili haujaonekana hadi leo. Alikuwa na mluzi wake, miwili mifupi na mmoja mrefu, anaupiga mtumbwi ukikaribia ufukweni, na mama mdogo akiusikia anabandika maji ya ugali. Hayo alinisimulia mimi peke yangu, tukigeuza dagaa. Nami nikamchukua baba mdogo mzima mzima, mluzi, kovu la kidevuni na yote, nikamvika taji. Halafu, kwa kuwa hadithi ilitaka malkia, nikamwozesha!

Nikarusha sura hiyo kwenye kundi la hadithi la simu. Watu wakapagawa. "Huyu mfalme yuko hai kabisa!" wakaniandikia. Kichwa kikanivimba.

Kumbe mwanika mwenzetu mmoja yumo kundini. Asubuhi moja, pale kwenye vichanja, akaisoma kwa sauti wote wasikie. Alipofika kwenye mluzi, mama mdogo akaacha kugeuza dagaa. Msomaji alipofika kwenye harusi, mama mdogo akanigeukia.

"Miaka yote hii nangoja hata mfupa wake nizike," akasema, "wewe umemtafutia mke?"

Ole wangu! Akajifunga kitenge chake akaenda zake, na dagaa wake nikawaanua mimi.

Kisha wakaja wenye hekima zao. Jirani mmoja wa Kasingirima akaniambia nilichome daftari, eti naita mizimu. Sichomi ng'o! Mizimu sikuita, na ufalme wangu hauna kosa. Kosa ni kwamba nilikuwa na akili ya kubuni milango saba, nikashindwa kubuni mwanamume mmoja.

Ile sura nimeifuta. Radhi nimeomba, tena kwa magoti. Mfalme sasa ni mwingine, nimemtunga kuanzia unyayo, na bado naandika, na nitaandika. Asiyetaka asisome!

Ila ninyi mnaopanga hadithi za namna hii, nisikieni. Choreni ramani, tungeni sheria za uchawi mpaka mchoke, lakini kabla ya kumpa mtu wenu uhai, jiulizeni mmeutoa kwa nani. Mwenyewe anaweza kuwa amekaa hapo hapo pembeni yenu.

Mama mdogo alizoea kuniita mwana wanje, mwanangu, kwa Kiha chake. Siku hizi nikirudi jioni nabisha hodi, naye ananijibu kutoka jikoni, "Karibu, mgeni."