Sahani Moja ya Doto

Nilipokuwa mtoto nilivaa gauni moja kwa miaka mingi, na kumbe yalikuwa mawili. Dada zangu Kulwa na Doto ni mapacha. Kila baba alipouza pamba alikwenda Bariadi kununua kitambaa cha jora moja, na fundi akawashonea magauni yanayofanana mpaka vifungo. La Kulwa likimbana lilishuka kwangu. Nilipolimaliza, la Doto lilikuwa sandukuni linanisubiri, rangi ile ile, kola ile ile. Mimi ni Shija, jina ambalo Wasukuma humpa anayezaliwa baada ya mapacha. Ukilisikia tu unajua kuna wengine waliotangulia.

Tuliishi Mwamapalala, kaya moja na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na sheria yake kuhusu mabasa, ndivyo Kisukuma kinavyowaita mapacha. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kitu kile kile na kwa wakati mmoja. Atakayenyimwa ataingiwa na wivu, na wivu wa pacha humla mwenyewe. Ataugua, na asipoangaliwa ataondoka. Bibi hakusema atakufa. Alisema ataondoka, na sisi watoto tulilielewa. Hata wageni waliijua sheria hiyo. Shangazi akibakiwa na pipi moja aliimung'unya mwenyewe njiani, ili asiingie nayo ndani.

Mimi sheria haikunihusu. Nilikuwa na wivu asubuhi, mchana na jioni, nikala ugali wangu na nikanenepa.

Mama alikuwa Mkatoliki asiye na maneno mengi. Walipozaliwa mapacha alikataa tambiko la mabasa, na bibi alimkumbusha jambo hilo kila mvua ilipochelewa, kana kwamba ndilo lililoizuia. Sheria ya vitu viwili aliiacha iendelee. Alisema kuwavalisha watoto sawa si dhambi, na kama kunampa mama mkwe usingizi, basi.

Mwaka ule wa komunio ya kwanza ndipo mambo yalipobadilika. Mafundisho yalitolewa na katekista wa kigango chetu, mzee aliyekuja kwa baiskeli akiwa amefunga suruali kwa kamba ya mkonge isinaswe na mnyororo. Kulwa na Doto walijibu maswali pamoja, kama walivyofanya kila kitu. Ukisikiliza vizuri ungegundua kuwa sauti ya Doto huja nyuma kidogo, lakini hakuna aliyesikiliza vizuri.

Siku ya mtihani katekista alimwita Kulwa ndani peke yake na kumwambia Doto asubiri nje. Nilikuwa dirishani. Kulwa alijibu yote. Akaingia Doto, akaulizwa swali la kwanza, akanyamaza. Akaulizwa la pili, akageuka kutazama mlango. Katekista alimngoja sana. Doto hakuwa amesahau majibu. Alikuwa anamsubiri Kulwa aanze.

Jioni ile wakubwa walikaa uani. Bibi alishauri katekista apelekewe jogoo, Doto apitishwe. Baba aliona afadhali Kulwa asubiri mwaka mwingine, waende pamoja. Mama alikuwa anapepeta mahindi, na hakuacha kupepeta.

"Nikipeleka jogoo, Doto atampokea Bwana kwa uongo wangu," alisema. "Na Kulwa nimwambie nini? Kwamba alijifunza bure?"

"Mama Kulwa, mabasa hawatenganishwi," bibi alisema.

"Katekista ameshawatenganisha, mama. Mimi nimeona tu kwamba ni wawili."

Bibi alisimama akaingia nyumbani kwake. Mlangoni alisema, bila kugeuka, kwamba ya mbele tutayaona.

Kulwa alipokea komunio akiwa na gauni jeupe na shela. Lilikuwa gauni la kwanza nyumbani kwetu lisilo na mwenzake. Doto alikaa benchi moja na mimi, amevaa la kila Jumapili, na kwa kuwa siku ile nilivalishwa lile la Kulwa aliloliacha kwa ajili ya jeupe, tulifanana. Watu waliotutazama wangedhani sisi ndio mapacha. Nilijiona mtu kwa muda wa misa moja. Doto hakunitazama. Alimtazama Kulwa mgongoni mpaka misa ikaisha.

Kesho yake Doto hakuamka. Mwili ulikuwa wa moto. Mama alimbeba mpaka zahanati, wakasema ni malaria, wakampa dawa. Alizimeza zote na homa ikashuka, lakini hakutaka kula. Alilala ameelekea ukutani. Uji ulipoa, ukamwagwa, ukapikwa mwingine.

Bibi alisema neno moja tu, "Nilisema," na halikuhitaji jingine. Majirani walianza kuja. Waliketi kwa upole, wakaulizia mgonjwa, kisha wakaulizia gauni. Shangazi alikuja na habari za mfumu mmoja, mganga wa upande wa Lingeka, aliyejua mambo ya mabasa. Baba alikuwa ameshaitoa baiskeli.

"Mganga sitaki," mama alisema.

"Na akiondoka?" baba aliuliza.

Siku hizi ndugu wakisimulia kisa hiki humfanya mama kuwa mtu asiyejua hofu. Si kweli. Nilimwona akifunga kanga kiunoni, ikafunguka, akaifunga tena, ikafunguka tena, kwa sababu vidole havikuwa vinakaza. Kisha aliingia chumbani kwa Doto. Nilibaki nyuma ya pazia.

"Doto, unataka nini?"

"Kulwa anataka nini?"

"Kulwa sijamuuliza. Nakuuliza wewe."

Nilisikia kitanda kikilia, Doto akigeuka.

"Michembe," Doto alisema.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, baadaye vikachemshwa. Kwetu havikupikwa tena kwa sababu Kulwa hakuvipenda, na asichokula mmoja mwenzake hakupewa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Doto anavitamani.

Mama alinituma kwa bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na akiba. Nilieleza nilivyosikia, neno kwa neno. Bibi aliuchochea moto wake, akabandika sufuria, akatwanga karanga. Vilipoiva alichukua sahani moja. Nilimsubiri achukue ya pili. Hakuchukua.

Alivuka uani na ile sahani mkononi. Kulwa alikuwa amekaa kizingitini. Bibi alisema, "Nipishe, mjukuu wangu. Hivi ni vya Doto." Akapita.

Doto alikula. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, na hata leo sikumbuki kutamani chakula kama nilivyotamani kile.

Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Bibi alisema Kulwa alipata gauni, Doto akapata michembe, mizani ikasawazika. Mama alisema ni dawa na ni Mungu, na kwamba mtoto aliulizwa. Hawakukubaliana mpaka bibi alipofariki, na hawakuacha kuchota katika chungu kimoja.

Mwaka uliofuata Doto aliingia kwa katekista peke yake, akajibu. Gauni alilitaka la mikono mirefu, tofauti na la Kulwa.

Mimi ni mtu wa habari, na kazi imenifundisha kutenganisha nilichokiona na nilichokidhani. Kwamba Doto aliugua kwa wivu, sijui. Kwamba bibi hakuwa mjinga, hilo najua. Aliuona wivu mapema kuliko sisi wote na akautungia sheria. Sheria yenyewe ilijua kuhesabu mpaka mbili tu, na hata hao wawili iliwaona kama mtu mmoja. Mama hakuwa na sheria ya kuzuia wivu. Alikuwa na imani kwamba Mungu humwita kila mtu kwa jina lake, na siku ilipomgharimu hakuibadilisha. Wivu sijapona. Ila sasa namwonea mama. Nimewaona jogoo wengi wakipelekwa kwa wakubwa, wengine nikiwa na sababu nzuri za kunyamaza, na kila mara nakumbuka kanga iliyokataa kufungika na mwanamke aliyeingia ndani hivyo hivyo.

Ilipofika zamu yangu ya komunio, mama alitandaza kitandani magauni mawili meupe, kwa mara ya kwanza yasiyofanana.

"Shija, unataka lipi?"

Niliyagusa yote mawili. Nilichagua la mikono mirefu. Lilikuwa kubwa. Zamani angeniambia nitalikulia. Safari hii alichukua futi ya kushonea, akaniambia nisimame wima, akanipima mabega.