Ruta iliyobaki na jina la baba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Hii nimeikalia muda mrefu. Leo naitoa kama ilivyo, hata pale inaponivua nguo.

Nilikuwa fundi kwenye kampuni ndogo ya internet hapa Bunia. Tulikuwa na desturi yetu: ruta, ile mashine ya kugawa internet, inabeba jina la mwenye parcelle, kiwanja inapolindwa. MAMA-CHARLOTTE, PAPA-DIEUDO. Msicheke. Wakati wa vita ni familia zilizolinda mitambo, na link ikikatika unajua umpigie nani.

Ya nyumbani kwetu, njia ya Mongbwalu, iliitwa PAPA-ZAKARIA. Ni baba yangu huyo. Siku ya kukimbia aliacha mbuzi wake wote, akabeba ruta ndani ya gunia la mihogo.

Amani ikarudi, ile ya kulala na viatu. Baba akafariki, parcelle ikauzwa, na mimi mwenyewe nikaihamishia ruta Irumu.

Akaja patron mpya, bosi wa kampuni. Akataka majina ya mahali na namba, basi. Jina la zamani likionekana baada ya mwisho wa mwezi, mashine ihesabiwe imekufa, izimwe. Kubadilisha nikapewa mimi. Nilibadilisha zote, ikabaki moja.

Baba sikumgusa. Mkono ulikataa. Nikajiambia kesho, kesho ikawa mwezi.

Kuzima alipewa Safi, dada mgeni kazini, kutoka Butembo. Mimi nilikuwa kazini Mahagi-Port. Aliona jina, na kwa uangalifu wake akapiga namba ya ile parcelle. Mnunuzi akamjibu: "Papa Zakaria alishakufaka. Mashine yenu haiko tena huku."

Akaizima kwa mbali, akiwa ofisini. Irumu nzima ikakatika.

Na wa huku mnajua, network ikipotea ghafla hakuna anayesema ni hitilafu. Wanasema wenye bunduki wamerudi. Watu walibeba magodoro wakaingia porini na mvua. Barabara ilifungwa, nikafika kuiwasha siku ya pili. Bibi mmoja aliyelowa, anatetemeka, akanishika mikono kunishukuru. Mimi! Naona aibu mpaka leo.

Kwenye mkutano patron akauliza: "Nani aliacha hii jina?"

Nikatazama viatu vyangu. Safi akafukuzwa palepale, maana kidole kilichozima kilikuwa chake.

Alipokuwa anakusanya vitu vyake akaniuliza, bila hasira: "Kaka, huyu Papa Zakaria alikuwaka nani?"

Nikamjibu: "Mwenye parcelle tu."

Jioni ile nikabadilisha jina. IRU-02. Ilichukua dakika moja.

Nilichojifunza: sheria unayowapa wenzako, ukijibakizia kipande kwa ajili ya moyo wako, atakayelipa ni mwingine. Na kuchelewa si dawa ya woga.

Namba ya Safi bado ninayo. Wakuu, nitukaneni kwanza, nitakubali, halafu mniambie: mngekuwa mimi, mngeanza na neno gani?