Pete ya Madame ku Kilima ya Shaba

Bandugu, mucheke tu, miye nimezoea, lakini haya ya ile pete nikiikumbuka hata leo nafunika uso.

Wakati ile nilikuwa natumika kwa muzungu mumoja pale Élisabethville, Bwana wa kupiga picha, miye njo nilibeba mizigo na kupanga masanduku yake (na kujivuna, maana nilisoma Kifaransa kwa bamon père, mapadri, miaka ine, na avenue, barabara yetu yote, ilipaswa kujua). Siku moja akaniambia kesho tunaenda ku kilima ya shaba, kule kunaota maua madogo ya bleu, rangi ya mbingu, anataka kuipiga picha karibu-karibu mpaka hata bunywele yake buonekane.

Tukachagua vyombo pamoja. Objectif, ile jicho ya aparei ya picha, ya murefu? Apana, ile ni ya sura za bantu. Ya mufupi? Apana, ile ni ya milima. Akachukua ya katikati, na miguu mitatu ya kusimamisha aparei juu isitikisike, kisha akatoka na kusema mulangoni: “Usisahau bague, iko mu tiroir. Bila bague, hakuna picha ya ua.”

Bague! Kwangu miye bague ilikuwa pete, basi. Na kuuliza? Miye, fundi wa Kifaransa? Nikakumbuka Bwana anawekaka kiberiti pembeni ya kitu juu bantu bajue ukubwa yake, nikasema kwa ua nzuri hivi kiberiti haifai, leo anataka pete. Na tiroir ya pete niliijua vizuri, ni ya kabati ya salle à manger, pale banakulia, mule Madame, bibi ya Bwana, anawekaka pete yake akitaka kukanda mukate. Asubuhi nikaichukua, nikaifunga mu kitambaa ya mouchoir, nikaitia mu mufuko.

Ku kilima barafiki ine ya Bwana balikuja kuangalia. Bwana akapiga magoti, akasogea, mu aparei ua ikawa ukungu mutupu. Akanyoosha mukono nyuma bila kugeuka: “Bague!” Nikamupa. Kumbe alikuwa anangojea duara ya chuma, ile inakaaka kati ya aparei na objectif juu isogee karibu, na vidole yake inakuta dhahabu. Bazungu bakacheka mpaka kofia ikaanguka. Yeye hakucheka. “Hii ni ya Madame. Nani alikupa?”

Mama yangu! Wakati ile mutu mweusi na dhahabu ya muzungu mu mukono, hakuna maelezo: ni fimbo, kisha buloko, gereza. Nikajaribu kueleza, Kifaransa yote ya miaka ine ikakimbia. Akatia pete mu mufuko, tukapanda motokari, na miye njia muzima nikahesabu batoto wangu nikijiuliza nani atabalisha.

Tukifika ku nyumba, nikaona polisi babili, Madame analia, na Baba Rashidi, mupishi, muzee wa Maniema aliyenigawiaka bukari, ugali yake, kila siku, ameketi chini, mikono imefungwa kamba kama mwizi ya pete. Baboyi, batumishi ya avenue yote, balijaa ku kiwanja ya nyumba, banaangalia. Bwana alikuwa angali nyuma anatoa masanduku. Polisi mumoja akauliza kwa sauti kubwa: “Nani anajua pete iko wapi?”

Nilijua. Naapa nilijua. Baba Rashidi akaniangalia, na miye nikaangalia viatu yangu, kwa woga ya fimbo nikaikala kimya mpaka Bwana akakuja, akatoa pete, akasema ni huyu fundi wetu wa Kifaransa aliichukua. Hapo njo nikafungua kinywa, nikaeleza yote, na bote bakacheka, Madame akacheka na machozi, hata polisi (avenue muzima bakaniita “Bague” mpaka nilihama). Sikufungwa, sikupigwa, hata kazi ilibakia.

Tangu siku ile, muntu akinituma kitu, naulizaka mara tatu, bila haya, hata ikiwa ni chumvi.

Lakini Baba Rashidi hakucheka. Balipomufungua, alikuwa anasugua mikono pale kamba ilimukata, akanikaribia polepole. “Kifaransa ilikushinda, mwana yangu, ile naelewa,” akasema. “Na Kiswahili nayo, ulisahau?”