Mkuki Ambao Baba Hakuwa Nao

Mzee aliyeongoza genge la wezi wa ng'ombe lililotusumbua Hanang nilipokuwa mtoto ametoa kitabu cha maisha yake. Alikaa gerezani miaka mingi, akaokoka humo, na sasa anaalikwa makanisani kutoa ushuhuda. Kitabu anakiuza mwenyewe mlangoni baada ya ibada. Nilikinunua kanisani Gitting, kwa sababu niliambiwa baba yangu yumo.

Yumo, sura nzima. Baba wa kitabuni anaruka nje na mkuki, anamchoma mmoja wao pajani, na kiongozi anaamuru asiguswe kwa kuwa ni mwanamume wa kweli. Eti alifariki baadaye kwa maradhi.

Nilikuwa darasa la tatu. Alfajiri ile baba alikuwa kitandani na homa ya matumbo, na mkuki hatukuwa nao. Walipovunja zizi alijikokota hadi mlangoni na blanketi lake, akawaomba wamwachie ng'ombe mmoja wa maziwa kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekuwa bado mgongoni kwa mama. Mmoja akampiga rungu la kichwa. Baba hakuongea tena mpaka tulipomzika, kabla ya mavuno. Aliyempiga ni huyu huyu anayeuza kitabu. Mama alimwona uso, nami nilimwona.

Watu wanamwamini. Anakiri wizi chungu nzima, analia mbele ya waumini, na mtu anayejianika hivyo huonekana hana sababu ya kudanganya. Lakini nimekirudia kitabu chake: kila panapomwagika damu, mkono ni wa mwenzake aliyekwisha kufa. Yeye yuko pembeni, anawazuia.

Nilimfuata kwake Hirbadaw. Kwa umri wake ilinibidi nimwamkie shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa kiti, mkewe akaleta chai. Nikamweleza mimi ni binti wa nani, na niliyoyaona. Hakukana.

"Mwanangu," akasema, "ulitaka niandike alivyotuomba? Nimekupa baba wa kujivunia."

Nikamwuliza kwa nini hakuandika nani alimpiga. Akajibu kwamba Mungu ameshamsamehe, na lililosamehewa halina haja ya kurudiwa. Chai yake sikuinywa.

Mama ameshafariki, hivyo aliyebaki wa kumwambia ni mdogo wangu. Nilikuta kitabu sebuleni kwake, kimewekwa pamoja na Biblia, na wanawe uani wakirushiana mabua ya mahindi, wakigombania nani awe babu. Nilimsimulia yote: homa, blanketi, maziwa aliyoombewa, na nani aliyeshika rungu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Dada, mimi baba simkumbuki hata sura," akasema. "Huyu wa kitabuni ndiye pekee niliye naye. Usininyang'anye."

Nilikasirika, kisha nikakosa pa kuielekeza hasira yenyewe. Angekuwa amedanganywa tu ningemfungua macho. Lakini alikuwa ameshasikia ukweli, na akachagua.

Jumapili iliyofuata alimkaribisha yule mzee kwake kwa chakula, awasimulie watoto. Nami aliniita. Nilichukua jembe nikaenda kupalilia maharage yangu, shamba linalopakana na uwanja wake, na nilipokuwa nimeinama nikasikia wanampigia makofi.