Kijiti cha Mama na Sukari Nguru ya Dani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Rusinga, mama alikuwa akila odowa, yale mawe laini ya udongo ya sokoni, kama watu wanavyokula njugu. Hedhi yake ilikuwa nzito mno. Akipanda kutoka ziwani na ndoo ya maji alisimama mara tatu kuvuta pumzi, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Siku moja alirudi kutoka kliniki ya Mbita na kijiti cha kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono. Aliniruhusu nikiguse.

"Hii ni siri yetu wawili," akasema.

Miezi ikapita. Vitambaa vyake vya hedhi havikuonekana tena kambani nyuma ya nyumba. Odowa ikaisha mkobani, naye hakununua nyingine. Akaanza hata kuimba akifua. Badala ya kufurahi, mimi niliogopa, maana Dani, yaani nyanya mzaa baba, alitufundisha kwamba damu ya mwanamke isipotoka hujikusanya tumboni, ikaoza, ikamuua. Mama akilala nililitazama tumbo lake.

Ningependa kusema ni hofu iliyonifungua mdomo. Hofu ilikuwepo, lakini sukari nguru ilikuwepo pia. Dani alivunja kipande, akakishika mkononi.

"Nyathina, mtoto yangu, mamako siku hizi haaniki kitu. Ako na nini?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha hata ni mkono upi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikaa pale mlangoni nikilamba vidole.

Kesho yake Dani alimpeleka mama Mbita, kijiti kikatolewa. Mama hakubisha, kwetu mke hambishii mama mkwe.

"Siwezi zika mke wa mtoto yangu nikiangalia tu," Dani alisema, na naamini alimaanisha.

Hedhi ikarudi vilevile, na odowa pia. Kabla ya mavuno mama alianguka njiani na ndoo yake, akaongezewa damu hospitalini Homa Bay. Dani alilia kutuzidi sote, akasema ile damu mbovu ilikuwa imeshamwingia. Nilijua nani alikuwa amemfikisha pale. Nikanyamaza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka jana, hedhi yangu ikiwa kama ya mama, nilimuuliza muuguzi mmoja huku Migori kama kweli damu isiyotoka huoza.

"Hakuna damu imefungiwa ndani, mama," akasema. "Kijiti kinapunguza tu ile inatoka. Ukipoteza kidogo, chuma ya damu inabaki mwilini. Ndiyo nguvu hiyo."

Niliona aibu hata kumtazama. Akaniwekea kijiti.

Krismasi nilimwonyesha mama, nikiwa nimejiandaa kuungama. Akakipapasa polepole kwa kidole. Binti yangu alikuwa akicheza karibu nasi. Mama akanishushia mkono wa blauzi.

"Usimwonyeshe mtoto," akasema.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amejua miaka yote hiyo, akanisuka nywele, akanisomesha. Nilichoweza kusema ni, "Nisamehe, mama." Akaniuliza kama nimekula.